Supu Iliyoonjwa Kiganjani

Siku yangu ya kwanza ya kazi ya upishi, pale Gungu, nilimwandalia Bwana Misitu supu ya kuku iliyojaa mawese. Kwetu Kalinzi, chakula bila mawese tulikiona hakijapikwa. Bwana Misitu, afisa wa misitu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, akalitazama bakuli, kisha akanitazama mimi.

"Binti, hii supu inaumwa nini?"

"Haiumwi, Bwana. Imependeza."

Alicheka mpaka miwani ikamtoka, akasema kwao supu ni maji na mifupa tu. Hakunifukuza, ila aliniachia udadisi: maji na mifupa mitupu vinampendezaje mtu mzima?

Basi nikawa mtu wa kuonja kila kitu. Mifupa huanza na maji baridi na moto mdogo, na povu linaenguliwa kwa upawa. Vichwa vya kuhe, samaki wetu wa ziwani, havitaki muda mrefu. Ukivisahau vinavunjika na miiba inazagaa sufuria nzima. Na hivi vidonge vya supu mnavyoona haya kuvitumia, jamani, si dhambi! Maharage ya jana, mchicha, hata wali, vyote vinachangamka kwa kidonge kimoja. Ila kina chumvi yake tayari. Kivuruge kwanza kwenye maji ya moto kidogo, mimina, onja, ndipo uguse chumvi. Ninyi mnaanza na chumvi, halafu mnakilaumu kidonge.

Bwana Misitu alipohamishwa, nikaajiriwa na Mama Daktari, naye mtu wa Tanga. Huko ndiko nilikokutana na mtihani. Mama yake mzazi, tuliyemwita Bibi, aliletwa kwake baada ya malaria kali. Homa ilipona, lakini chakula akakikataa. Kanga ilikuwa inamzunguka mara mbili, sasa ikawa tatu. Mama Daktari, anayetibu watu kutwa nzima, alisimama jikoni kwangu akilia.

"Dada, mpikie chochote. Mama ananiishia hivi hivi namwona."

Nikapika supu ya mifupa, ya kuku, ya kuhe, nikarudi hata kwenye kidonge. Vijiko viwili, "ahsante mwanangu," bakuli linarudi. Nilikasirika, maana supu zilikuwa nzuri! Kwani huyu bibi ana nini? Nikaketi karibu naye nimchunguze. Nilipofunua sufuria, pua yake ilifuata mvuke. Kumbe njaa anayo. Tena kiganja chake cha kushoto kilikuwa kimefunguka juu ya goti, kama cha mpishi anayesubiri kuonja.

Kesho yake nikahamishia jiko la mkaa barazani, kando ya mkeka wake.

"Shikamoo Bibi. Mafua yameniziba, sisikii ladha kabisa. Hebu nionjee."

Nikamdondoshea mchuzi kiganjani. Akalamba, akakunja uso.

"Imepooza. Tia ndimu."

Nikatia, nikadondosha tena.

"Bado. Pilipili unaiogopa?"

Tukaendelea hivyo, yeye akinigombeza, mimi nikidondosha, mpaka akanipokonya upawa. "Lete bakuli bwana, kiganja kinavuja!" Mama Daktari alirudi kutoka kazini akamkuta mama yake anafyonza mfupa. Akaketi kwenye ngazi na koti lake jeupe.

Baadaye nilimuuliza Bibi kwa nini alikuwa hataki kula.

"Nimepikia watu tangu nikiwa msichana," akanijibu. "Hapa naletewa bakuli tu, hakuna anayeniuliza kitu."

Sasa nimestaafu, naishi Ujiji kwa mwanangu na mkewe Zainabu. Tangu mguu uanze kunisumbua, jikoni siingii. Siku hizi chakula hakinipandi, na sijamwambia mtu, najiona mzigo. Juzi Zainabu akaja barazani na sufuria ya supu ya vichwa vya migebuka, upawa mkononi.

"Mama, sijui nimekosea wapi. Hebu nionjee."

Harufu tu iliniambia hajakosea popote. Habari za Bibi sijawahi kumsimulia. Nilimtazama machoni, naye akatazama pembeni akibana kicheko. Machozi yakanilenga.

Nikakinga kiganja, nikalamba.

"Haijakolea," nikamwambia. "Lete tena."