Jina la Mama Kwenye Majoho ya Wageni

Saa tatu asubuhi, na Nyakio anapiga pasi jina la mama yake.

Jina hilo, Kabura, limedariziwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu kifuani mwa joho jeupe la kuogea. Nyakio analigeuza joho ndani nje, analitandikia taulo, kisha anapitisha pasi polepole upande wa nyuma. Ukipiga kwa juu, anaeleza, uzi unaungua na unakatwa mshahara. Leo ana majoho kumi na manne. Yote yameandikwa Kabura.

"Usiandike ati nalia," anasema, akipangusa uso kwa kiwiko. "Ni mvuke."

Ana miaka thelathini na sita na mimba ya miezi saba na nusu. Miguu imemvimba, kwa hivyo amevaa malapa ya mumewe. Kila akimaliza majoho matatu anakaa juu ya ndoo aliyoifunika, anajipepea kwa kipande cha katoni, halafu anarudi mezani.

Chumba hiki cha dobi kiko nyuma ya kambi ya kifahari upande wa Ndabibi, magharibi mwa Ziwa Naivasha. Nyakio ameomba kambi yenyewe isitajwe. Wiki tatu zilizopita hakuwa huku nyuma. Alikuwa kule mbele kwenye nyasi, na kuna watu waliovuka bahari ili kukutana naye.

Miaka minne iliyopita, kampuni ya ng'ambo ilikuja hapa kupiga tamthilia ya runinga. Hadithi yake ni ya mwanamke aliyevunjika moyo, anayekuja kukaa kando ya ziwa. Anahudumiwa na mfanyakazi mmoja wa mahema, na jioni ya mwisho mfanyakazi huyo anampa jina jipya.

Tamthilia ilipendwa sana huko kwao. Sasa watu wanalipa ili waishi yale waliyoyaona: hema lile lile, beseni la shaba la kuogea, kiamshakinywa kwenye nyasi zilizofupishwa na meno ya viboko, kupanda farasi katikati ya pundamilia. Na jioni ya mwisho, wanawake wanapewa jina. Siku nne kwa watu wawili ni zaidi ya shilingi laki nne na nusu. Mshahara wa Nyakio ni elfu kumi na nane kwa mwezi.

Yeye hakuwahi kuigiza. Wakati huo alikuwa akitandika vitanda. Mwandishi wa tamthilia alimkuta akikunja shuka, akamwuliza mama wa hapa angempa mgeni jina gani.

"Nikamwambia Kabura. Haikuchukua hata dakika. Akaliandika kwa kitabu, akasema thank you, akaenda."

Kwa Wakikuyu, mtoto hachaguliwi jina kwa sababu linapendeza. Binti wa kwanza hupewa la mama wa baba yake, wa pili la mama wa mama yake. Na si jina tu. Wenyewe wanasema yule mzee ndiye amerudi.

Nyakio ni mtoto pekee wa Kabura, mjane wa miaka sabini na moja anayeuza miche ya kabeji na sukumawiki sokoni Elburgon. Binti wa kwanza wa Nyakio, Warigia, ana miaka kumi na miwili. Amebeba jina la mama yake Mburu, mumewe Nyakio, ambaye hupakia mbao kwenye malori. Kwa hivyo Kabura alibakiwa na mlango mmoja tu wa kurudi duniani, nao ni binti wa pili wa Nyakio.

Binti huyo hakuja. Mimba mbili zilitoka, moja ikiwa ya miezi mitano. Daktari alimshauri apunguze matumaini. Mwandishi alimkuta na zile shuka wiki tano baada ya mimba ya pili kutoka.

"Nilikuwa nimejua sasa basi," anasema. "Mum akienda, ameenda na jina lake. Huyo mzungu aliponiuliza, nikafikiria, si angalau likae mahali. Hata kama ni kwa TV. Mahali tu mtu ataliita."

Wageni walipoanza kumiminika, kambi ilimwondoa kwenye vitanda ikamkabidhi sherehe. Alivishwa shuka jekundu na shanga shingoni.

"Shanga za Kimaasai!" Anacheka mpaka anashika tumbo. "Mimi ni Mkikuyu wa Elburgon, nimekulia kwa vumbi la mbao. Lakini ndivyo ilivyokuwa kwa TV, na mgeni anataka kama kwa TV."

Kila mara mgeni alikalishwa kwenye kigoda kando ya maji. Nyakio alimlowesha viganja, akamwambia kuanzia leo wewe ni Kabura, na wafanyakazi wakapiga vigelegele vitatu, idadi anayopigiwa mtoto wa kike akizaliwa. Kisha mgeni alivishwa joho.

"Mwanzoni nilipenda. Wao wanalia, mimi nalia. Kila nikisema Kabura nilikuwa nasikia kama mum amesimama hapo karibu."

Mama mwenyewe hakuambiwa. Nyakio anasema alikuwa akingoja siku nzuri.

Siku hiyo ilikuja bila yeye. Sokoni Elburgon, Celestine, jirani wa kibanda cha miche, alionyesha wenzake video kwenye simu: mwanamke wa ng'ambo amevaa joho, anasema kwa furaha kwamba yeye ni Kabura. Nyuma yake, na shanga zake, amesimama Nyakio.

"Kabura, kumbe una dada zako Ulaya na unatuficha!" wanawake wakamtania. "Waambie watutumie hata sabuni!"

Mama alicheka nao, akauza miche mpaka jioni. Alipofika nyumbani akazima simu, na akakaa siku sita bila kuiwasha.

Nyakio aliomba ruhusa akaenda. Alimkuta mama akipepeta maharagwe. Hakuinua kichwa.

"Ni wangapi?" mama aliuliza.

"Mum, si hivyo unavyofikiria."

"Nimeuliza ni wangapi."

Wageni huandika majina yao kwenye kitabu, na Nyakio alijua idadi. Hakuweza kumdanganya. "Mia mbili na sitini na kitu."

Mama aliendelea kupepeta. "Mimi nilikuwa mmoja," alisema. "Nilikuwa nangoja nikuwe wawili."

Miezi minne baadaye, Nyakio aligundua ana mimba. Hii haikutoka. Picha ya hospitali ilipoonyesha ni msichana, alimpigia mama simu kabla hata ya kumpigia Mburu.

"Nilimwambia, mum, ni wewe. Akasema, mtafutie huyo mtoto jina lingine. Hilo halina mwenyewe. Akakata."

Tangu siku hiyo, mama na binti hawajazungumza.

Nyakio alikwenda kwa meneja, Hafiz, kijana wa Nakuru mjini, akamwomba jina libadilishwe. Hafiz hakumfukuza. Alimvutia kiti.

"Mama Warigia, mimi nakuelewa kabisa," Nyakio anamkumbuka Hafiz akimwambia. "Hata sisi Waislamu mtoto tunamchinjia mbuzi siku ya saba ndio apewe jina. Si kitu cha mchezo. Lakini mgeni amelipia Kabura."

Hafiz aliwaandikia wenye kambi Nairobi. Jibu lilirudi baada ya siku mbili: jina liko kwenye majoho, vikombe na tovuti. Libaki.

Nyakio alifanya sherehe nyingine tatu. Ya nne ilimshinda. Mgeni alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja na dada yake. Nyakio alimlowesha viganja, akafungua mdomo, na Kabura halikutoka.

"Mtoto alinipiga teke hapa," anasema, akigusa ubavu. "Nikasema, kuanzia leo wewe ni Nyakio. Nikampa langu. Nilikuwa sina lingine karibu."

Vigelegele vilikatika katikati. Mgeni aliuliza amekosea nini, kisha akaangua kilio. Dada yake ndiye aliyeeleza, kwa hasira: mama yao alikuwa ameugua mwaka mzima, na huyu ndiye aliyekaa naye kitandani wakiangalia tamthilia hiyo, kipindi baada ya kipindi. Walikuwa wameahidiana kwamba akipona watakuja wote wawili, waitwe Kabura pamoja. Hakupona.

Pasi inatulia mkononi mwa Nyakio.

"Ningejua," anasema. "Na yeye alikuwa anatafuta mama yake, na ni mama yangu alikuwa ameshika. Sasa mimi ningefanya aje?"

Kesho yake Nyakio alihamishiwa huku kwenye chumba cha dobi. Mgeni naye aliondoka asubuhi, akaacha joho limekunjwa kitandani, halijavaliwa. Kama ni kwa hasira au kwa heshima, Nyakio hajui. Hafiz alimwambia alichukue, atasema lilipotea.

Nyakio alilifumua jina usiku mmoja kwa wembe na sindano, herufi moja moja, kisha akakata joho kupata kitambaa cha kumfunikia mtoto. Amekiweka kwenye mfuko wa plastiki juu ya kabati la pasi. Anakitoa, anakitandaza. Uzi haupo, ila matundu ya sindano yamebaki.

"Pitisha kidole," anasema. "Umeona? Bado linasomeka."

Saa kumi na moja na nusu jioni, jua likielekea nyuma ya milima ya Mau, sauti zinaanza kusikika kutoka ufukweni. Sherehe sasa inaendeshwa na Trizah, msichana wa mapokezi mwenye miaka ishirini na mitatu. Siku ya kwanza alikuja kwenye chumba cha dobi, akisita mlangoni.

"Dada Nyakio, usinichukie. Nimeambiwa."

"Nikuchukie kwa nini? Ila useme polepole. Usiliharakishe."

Vigelegele vinapigwa. Kimoja. Viwili. Vitatu. Nyakio anasimama wima mpaka cha mwisho kinyamaze, mkono mmoja tumboni, kisha anachomoa pasi ukutani.

Likizo yake ya uzazi inaanza wiki ijayo. Amepanga kujifungulia Elburgon, ingawa hajui kama mlango wa mama utafunguliwa. Baada ya hapo hatarudi kambini. Mburu amempata mtu wa kumkodishia mashine ya kushona, na Nyakio anataka kushona sare za shule.

Jumapili, Warigia alimpigia simu akinong'ona kutoka Elburgon kwa nyanya yake Kabura, anakokaa wakati wa shule.

"Mum, shosho amenunua njahi kilo nne. Ameficha chini ya kitanda. Nikimwambia tupike anasema si zetu."

Njahi ni maharagwe meusi anayopikiwa mwanamke wa Kikuyu akishajifungua, ili maziwa yashuke.

"Amesema ni za nani?" Nyakio aliuliza.

"Hajasema. Ameuliza tu kama miguu yako imevimba."

Nyakio anasimulia hayo akifunga mlango wa dobi. Kilo nne anazirudia mara mbili, kana kwamba anazipima mkononi. Hajampigia mama simu. Anaogopa akisema jambo atalivuruga.

Kwao, mtoto akizaliwa, vigelegele vikiisha, wanawake walio nje huuliza kwa sauti: ni nani amekuja? Aliye ndani hujibu kwa kutaja jina, na hapo ndipo mtoto anakuwa mtu wa nyumba hiyo.

"Hilo swali litaulizwa, na mum atakuwa hapo," anasema Nyakio. "Mimi jina hilo nililisema mara nyingi sana. Siku hiyo nitanyamaza. Nitamwachia ajibu yeye."