Wamama wa Tawa walivyombebea kuku msichana wa kitabu

Hamjambo wakuu. Hii sijaambiwa na mtu, imenipata mimi hapa Tawa, na huyo kuku nilimchinja mwenyewe.

Mjukuu wangu Mwende aliniletea kale kamashine ka kusomea vitabu. Akanijazia riwaya za zamani za Kizungu, bure, kwa sababu walioandika walikufa kitambo na hakuna wa kudai.

Shule niliachia darasa la sita. Lakini herufi unazikuza zinakuwa kama mahindi, na neno likikushinda unalifinya linakupa maana.

Shida ni majina. Ulimi wangu umeyakataa. Kwa hivyo nawabatiza upya. Msichana mmoja yatima alifika kwa mjomba wake akinyeshewa, nikamuita Mumbua, vile sisi Wakamba huita mtoto wa mvua.

Sasa, kwa kikundi chetu cha maombi cha wamama, mimi ndio naibu wa mwenyekiti. Tukaulizwa nani ana mzigo wa kuombewa. Nikasema, "Mumbua ananinyima usingizi. Mjomba amemfungia chumbani, anataka kumuoza kwa mzee tajiri hana hata jino."

Wakalia! Mwenyekiti, Mama Kioko, akaomba mpaka kitambaa kikaanguka kichwani. Wakafunga kula.

Mlitaka niwakatize? Ilikuwa tamu, wacha niseme ukweli.

Jumamosi nikaona kundi zima kwa gate. Kuku, unga, leso mpya ya Mumbua. Mama Kioko ameshika mwiko.

"Tupeleke kwa huyo mjomba. Ni Kibwezi ama Kikima?"

Nikawaonyesha kamashine. "Yuko hapa ndani."

Wakainamia kamashine wote. Hata kuku alichungulia. Nikaona unaibu wangu unaenda hivi hivi.

"Mwaitu, mama yetu," Mama Kioko akasema polepole, "umetulaza njaa kwa sababu ya mtu wa kitabu?"

"Nyinyi hamkuuliza anakaa wapi."

Akaniangalia juu mpaka chini. Halafu akaweka mwiko.

"Na huyo mzee, alimuoa?"

"Bado sijafika hapo."

"Basi kaa chini usome! Na nyinyi wekeni maji kwa moto, tunyonyoe huyu kuku."

Mumbua alitorokea dirishani tukinyonya mifupa. Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakauliza ni nani ameolewa.

Unaibu bado ninao. Leso naivaa mimi.

Funzo wakuu: mtu wa kitabu usimpe jina la kwenu, watu watataka kumlisha.

Sasa tumeanza riwaya ingine, iko na mzee mchoyo ajabu. Nipeni jina la kumbatiza. Mama Kioko anataka tutumie la bwana yake.