Saa Niliyoiweka kwa Adhana

Kompyuta ya klabu yetu ya redio hapa Garissa husahau saa kila stima ikipotea, maana betri yake ndogo imekufa. Kuirekebisha saa hiyo ni kazi yangu. Simu hatuna shuleni, na kumuuliza mwalimu saa naona haya. Basi muhula mzima nimeiweka kwa adhana ya adhuhuri, kana kwamba huadhiniwa dakika ileile kila siku.

Leo mwalimu ametusomea majibu ya vituo tulivyozungumza navyo hewani. Saa za daftari letu, zinazotoka kwenye kompyuta hiyo, hazilingani na zao, na mazungumzo huhesabiwa tu saa za pande zote mbili zikilingana; kwa hiyo mawasiliano yetu yote yamekataliwa.

"Abaayo, umetumaliza!" mwenzangu akaniambia, akiniita dada kwa Kisomali. "Si ungeuliza tu?"

Nilitaka kuuliza kama bado mimi ni mwanaklabu, hata hilo likanishinda.