Mshipa wa Paja la Kuku

Mwaka ule nilipelekwa Meru kufanya kazi na kujifunza upasuaji, na nilikuwa na aibu niliyoificha. Nilikuwa nasomea upasuaji wa kurekebisha viungo. Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu kuunga mishipa midogo ya damu, ila mikono yangu haikuwahi kuunga hata mmoja. Kule Nairobi hadubini ya kazi hiyo ilikuwa moja na wanafunzi tulikuwa wengi. Nilikuwa nimechungulia mara mbili tu.

Hospitali yetu ya Meru ilikuwa na hadubini, lakini ya kliniki ya macho. Aliyeitunza alikuwa mzee mpole kutoka Embu, daktari wa macho wa miaka mingi. Nilimwendea Jumatano moja wagonjwa wake walipokwisha.

"Unataka kuangalia nini?" akauliza.

"Paja la kuku, mzee."

Hakucheka. Aliuliza tu kama nitasafisha meza nikimaliza.

Basi Jumatano alasiri ikawa yangu. Mama mwenye nyumba niliyopanga kule Kinoru alifuga kuku, na kila alipochinja aliniwekea paja. Ndani yake, kando ya mfupa, kuna mshipa mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Niliukata, kisha nikajaribu kuuunga kwa mabaki ya uzi wa kushonea macho, uzi ambao ukianguka mezani huuoni tena. Halafu nilipitisha chai ya turungi iliyopoa kwa sindano, nione panapovuja. Wiki za kwanza palivuja kila mahali.

Siku moja mzee aliinua kichwa kutoka kwenye kadi zake.

"Daktari, unashika hiyo koleo kama unachimba viazi. Legeza vidole. Na upumue. Ukibana pumzi, mkono unatetemeka."

Mama mwenye nyumba naye alitaka kujua mapaja yake yanaenda wapi, nikamwalika. Alikuwa akifuma sweta za shule. Alichungulia kwa muda mrefu.

"Hapa umevuta sana," akasema. "Ukivuta hivyo, inakunjamana."

Nilitazama tena, nikaona ni kweli. Mwezi wa nne wa mazoezi turungi ilipita yote, bila tone kutoka nje. Nilienda nyumbani kwa miguu nikiwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu yeyote njiani.

Muda si mrefu akaletwa mama mmoja kutoka Kangeta. Alikuwa akikatakata majani ya ng'ombe asubuhi, panga likampitia kidole cha shahada. Kilikuwa kimening'inia kwa ngozi kidogo, cheupe, baridi.

Daktari mkuu wa upasuaji alikitazama, akanitazama na mimi. "Nasikia unashona kuku. Jaribu. Ukishindwa, nitakikata."

Mzee wa macho aliisukuma hadubini mwenyewe hadi chumba cha upasuaji, akabaki kando yangu. Tulifunga mfupa kwa waya, kisha nikaunga mishipa ya damu na neva. Mara mbili nilimsikia akisema, "Pumua." Tulipoachilia damu, hakuna kilichotokea kwa muda ulioonekana mrefu mno. Halafu wekundu ukaanza kupanda kutoka chini ya kidole, polepole, hadi kwenye ukucha. Mzee alinigusa bega, akaenda kuwaona wagonjwa wake waliokuwa wakingoja.

Mama yule alirudi mara nyingi. Mwanzoni kidole kilikuwa kigumu na hakikusikia chochote. Karibu na mwisho wa mwaka wangu, nilimwambia afumbe macho, nikagusa ncha yake kwa pamba.

"Hapo," akasema.

Nikagusa upande wa pili.

"Na hapo. Ni kama sisimizi anatembea."

Niliandika kwenye kadi yake, na naamini mwandiko wangu haukuwa mzuri siku hiyo. Akaniuliza lini ataweza kurudi kwenye kazi yake ya kufunga mafungu ya miraa sokoni. Nikamwambia anaweza kuanza, ila polepole.

Akainamisha kichwa kidogo. "Daktari, nilianza wiki iliyopita."