Mama ameomba jua

Leo mama yangu ameomba jua, sebuleni kwetu, mbele ya kina mama wote wa kanisa.

Hapa Endarasha. Ati jua. Tangu nizaliwe tunaomba mvua.

Lakini wiki nzima ni mawingu bila tone, pampu yetu ya sola haivuti maji, na vitunguu vimeanza kulala.

Wengine wakafungua macho. Mimi nikaangalia chai yangu.

Halafu Mama Njeri, jirani anayenyunyizia kabichi zake maji yetu, akasema: "Amina. Na likuje kabla ya saa sita."

Wakacheka, ndio amina zingine zikafuata.

Saa hii mawingu yameisha, mlima unaonekana wote. Mama yuko shambani na paipu ya maji, bado amevaa nguo za kanisa.

Sasa Jumapili kanisani tuombe nini, mvua au jua?