Naftali Aliyengoja Asali Ndipo Apime Damu

Walisema mahali palipokwisha kuchomwa pakipasuliwa, saratani inapata hewa na kutambaa mwili mzima. Niliyasikia kwenye mashine ya kusaga hapa Itigi, nikarudi nyumbani na unga na maneno hayo. Unga uliisha. Maneno yalibaki.

Aliyekuwa akisubiri kupasuliwa ni mwanangu Naftali, mrina asali, miaka hamsini na minne.

Leo, saa kumi na mbili asubuhi, yuko kichakani, anapuliza moshi mzingani. Ndani ya suruali amevaa nepi ya watu wazima. Anakohoa, anasimama kidogo.

"Moshi huu unanitoa machozi juu na chini," anamwambia mkewe, Dorkas.

"Nyamaza wewe, mama yupo!"

Mimi najifanya kuokota kuni.

Ilianza mwaka 2009, mkojo ukimsumbua. Hospitali wakakuta saratani ndogo upande mmoja wa tezi dume. Abdulmajidi, mfanyabiashara wa Singida mjini anayenunua asali yake, akamsaidia kwenda India. Huko walichoma kwa joto kile kipande kibovu tu, tezi ikabaki. Alirudi anatembea vizuri, tukachinja mbuzi.

Aliambiwa apime damu kila miezi mitatu. Lakini warina asali wa huku kila jambo ni "asali ikitoka": bati, harusi, hata kung'oa jino. Naftali naye akasema atapima asali ikitoka. Mwaka wa kwanza ikatoka, akapima, damu ikawa nzuri. Mwaka uliofuata mvua ilikatika, maua yakakauka, hakukuwa na asali. Hakupima.

"Sikujiona mgonjwa," anasema. "Nilikuwa nangoja nyuki."

Alipokuja kupima, saratani ilikuwa imerudi. Daktari wa Dar es Salaam akasema sasa tezi yote itolewe, na hakutuficha.

"Palipochomwa pana makovu, nyama zimeshikana. Ni kazi ngumu kuliko kama tungeitoa mwanzo. Anaweza kuvuja mkojo, na nguvu za kiume zikapungua. Lakini ugonjwa bado haujatoka nje ya tezi. Msikae."

Tukakaa, na kosa ni langu. Siku ya safari nilikaa mlangoni nikalia, nikamwambia, "Ukienda, nizike kwanza." Akaweka begi chini. Miezi minne ikapita.

Dorkas ndiye aliyenijia. Akapiga magoti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mkwe wangu."

"Mimi nakuheshimu. Lakini wale wa mashineni wamempasua nani? Mwache mume wangu aende."

Nikaenda kulitoa lile begi. Wiki ile ile tulipanda treni wote watatu.

Upasuaji ulichukua saa tano. Alikaa na mpira wa mkojo wiki tatu. Mwanzo alimaliza nepi tano kwa siku, leo ni moja. Mwaka na nusu umepita, na kila akipimwa, damu haioneshi saratani, ingawa daktari anasema bado ataangaliwa kwa miaka.

Ya chumbani mama haulizi. Dorkas aliniambia mwenyewe tukipepeta mtama: "Hayajarudi kama zamani. Tumepewa dawa, tunajaribu. Lakini mama, ananichekesha mpaka nalala."

Naftali amekatazwa kubeba mizigo mizito na kupanda miti mirefu. Msimu ujao anataka kushusha mizinga ishirini, aining'inize kwa waya usawa wa kifua, arine akiwa amesimama chini. Tarehe za kupima anazo Dorkas, na kwake hakuna "asali ikitoka".

Wenye waume na wana, haya myaepuke:

Usingoje mavuno ndipo upime.

Usiache kupima kwa kuwa huumwi.

Ukichomwa kipande, usiseme umepona moja kwa moja.

Usiogope upasuaji wa pili kabla ya kumuuliza daktari.

Usione aibu kusema unavuja.

Usichukue habari za saratani mashineni.

Na wewe mama mwenzangu, usilie mbele yake siku ya safari. Lia akishaondoka.