Udongo wa Kituo cha Pili

Verlene Tolliver alikuwa amesimama jikoni, mkate mkono huu na kisu cha siagi mkono ule, alipouona uwanja kwenye televisheni ya asubuhi. Hakuutambua mara moja. Alidhani wanaonyesha machimbo ya kokoto, au mji fulani uliopigwa na mafuriko. Kisha kamera ikapanda juu kidogo, na nyuma ya lile shimo akaliona jina la Korongo, timu ya besiboli ya mji, limeandikwa kwa herufi za kijani kwenye ukuta wa mashariki.

Nyasi hazikuwapo. Mistari myeupe haikuwapo. Kile kilima kidogo anachosimamia mrushaji wa mpira kilikuwa kimesawazishwa kama kaburi la mtu asiye na ndugu. Makatapila ya manjano yalikuwa yakichota udongo mwekundu na kuumwaga kwenye lori, na mtangazaji anatabasamu kana kwamba anatangaza harusi.

"Renita!" aliita. "Njoo uone wanachofanya hawa!"

Binti yake akatoka bafuni, mswaki mdomoni. Akatazama, akainua mabega. "Si ule ukarabati, Mama? Wameusema tangu mwaka jana."

"Walisema viti. Walisema skrini kubwa na baa. Nani alisema udongo?"

"Udongo ni udongo tu, Mama."

Verlene akavuta kiti, akaketi taratibu kama mtu anayeketi ndani ya maji baridi.

"Baba yako yumo humo," akasema.

Mswaki ukadondoka sakafuni. Renita akamtazama mama yake, kisha akageuka kutazama rafu ya sebuleni, pale penye chombo cha shaba kilichong'arishwa, chenye jina la Emmett Tolliver na miaka yake ya kuzaliwa na kufa.

"Na yule pale je?"

"Yale ni majivu ya jiko letu la kuchomea nyama."

"Mama! Mimi humwimbia kila siku ya kuzaliwa kwake!"

"Nakusikia kila mara, mwanangu. Nilikuwa naona haya kukukatiza."

Renita hakucheka. Alikaa kitako pale pale sakafuni, karibu na mswaki wake. Televisheni ilikuwa imeshahamia kwenye habari za mvua.

Emmett alikuja kutoka Alabama akiwa mtoto, amelala mapajani mwa mama yake, na mji huu wa kando ya ziwa ukamfanya mtu wa matairi. Alifanya kazi kiwandani mpaka kiwanda kikafungwa, na katika timu ya besiboli ya kiwanda alilinda kituo cha pili, kimoja kati ya vituo vinne wanavyovizunguka wakimbiaji. Hakuwa mchezaji wa kusifiwa, ila hakuna mpira uliompita chini ya miguu. Uwanja wa Korongo ulipojengwa, wote kioo na chuma na taa nyeupe, alikasirika kama aliyeibiwa. Alisema unafanana na duka la manukato. Aliapa hataingia humo maisha yake yote, na kiapo chake kilidumu mpaka Korongo walipoanza kushinda mwezi Juni.

Baada ya hapo yeye na Verlene hawakutoka tena humo. Viti vyao vilikuwa juu kabisa upande wa kulia, na karibu nao wakaketi Kaz Dombek, fundi bomba, na mkewe Irena. Irena alikuwa mzaliwa wa Pittsburgh na aliishangilia timu yoyote iliyokuja kucheza na Korongo, mradi Emmett akasirike. Mwaka baada ya mwaka walitukanana kwa furaha, huku wakipokezana karanga. Nje ya uwanja wanandoa hao wanne hawakuwahi kutembeleana. Hawakuona sababu. Urafiki wao ulikuwa na anwani, na anwani ilikuwa pale.

Emmett alipofariki na mwili wake kuchomwa, Verlene alijua pa kumpeleka. Kila Septemba, baada ya mchezo wa Jumapili mchana, klabu hufungua lango la uwanja na kuwaruhusu wazee wakatembee kuvizunguka vituo vyote vinne, polepole, na fimbo zao na nyonga zao mbovu, muziki ukipigwa. Verlene alivaa sketi ndefu. Chini yake alifunga soksi za Emmett za siku za kiwandani, zimejaa majivu, zimetobolewa vidoleni na kuzibwa kwa uzi. Alipofika kituo cha pili akainama kufunga kamba za viatu, akavuta uzi, na mumewe akashuka ardhini bila kelele. Soksi hazikumtosha mtu mzima. Ilimbidi arudi Septemba iliyofuata. Emmett aliingia uwanjani kwa awamu mbili.

Sasa alikuwa amefukuliwa.

"Namfuata," Verlene akasema, akisimama. "Namrudisha nyumbani leo hii."

"Utamrudisha ndani ya nini?"

Verlene akaenda chumbani, akarudi na foronya safi.

Uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati, lakini duka la kumbukumbu pale langoni lilikuwa wazi, na ndani yake kulikuwa na msichana mchangamfu aliyebandika jina lake kifuani: Brielle.

"Karibu, mama! Umekuja kujipatia kipande cha historia?"

"Nimekuja kuuliza udongo umepelekwa wapi."

"Umefika penyewe!" Brielle akapiga makofi. Akageuka, akatelezesha trei mbele ya Verlene. Juu yake vilipangwa vichupa vya kioo, vingine vikubwa kama kikombe, vingine vidogo kama kidole, vimetiwa pete za kuning'inizia funguo. Ndani yake, udongo mwekundu. "Halisi kabisa, mama. Kila kichupa kina muhuri. Huu ni wa kituo cha kwanza, huu wa kilima cha mrushaji. Wa kituo cha pili unakwisha upesi sana, sijui kwa nini. Nafikiri ni rangi yake. Ukiuweka juani utaona una chembe za kijivu zinazometameta."

Verlene akashika kaunta kwa mikono yote miwili.

"Chembe za kijivu," akasema.

"Maridadi, si ndiyo?"

Mwanaume aliyesimama nyuma yake akanyoosha mkono, akachukua kimoja cha kituo cha pili chenye pete ya funguo, akalipa, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali. Kisha akaketi kwenye benchi la dukani kufunga kamba za viatu vyake. Aliketi kwa uzito wake wote. Verlene akafumba macho.

"Mama, u mzima? Nikuletee maji?"

"Nani mkubwa wa mambo haya?"

"Bwana Haldane. Yuko ukumbini sasa hivi, kuna mkutano wa mashabiki." Brielle akapunguza sauti. "Lakini wana hasira, mama. Ni kwa sababu ya viti."

Na kweli walikuwa na hasira. Ukumbi ulijaa kofia za kijani. Preston Haldane, msimamizi wa ukarabati, kijana mrefu mwenye soksi za rangi, alikuwa mbele akionyesha picha za uwanja mpya. Pale juu upande wa kulia, palipokuwa na viti, sasa pangekuwa na baraza la wazi lenye baa, watu wasimame, watembee, wapige picha.

"Viti vyangu viko wapi kwenye picha hiyo?" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Naona bia tu!"

"Acheni mambo ya kale!" akajibu kijana aliyevaa kofia kinyumenyume. "Mnataka tukae kama tuko kanisani?"

"Kanisani angalau wananipa kiti," akasema Kaz Dombek, na ukumbi ukacheka. Alikuwa ameketi mstari wa nyuma, amezeeka ghafla kama wajane wa kiume wanavyozeeka, shati halijapigwa pasi. Alipomwona Verlene akaondoa koti lake kwenye kiti cha jirani. "Nimekuwekea nafasi. Sikujua kama utakuja, ila mkono umezoea."

Verlene hakuketi. Akainua mkono, na kabla hajaruhusiwa akaanza.

"Naitwa Verlene Tolliver. Sikuja kwa ajili ya viti. Bwana Haldane, mnamuuza mume wangu."

Preston akatabasamu tabasamu la mtu ambaye hakuelewa. "Samahani, mama?"

"Hapo chini dukani. Kwenye vichupa. Nilimmwaga kituo cha pili kwa mikono yangu, nanyi mmemchota na katapila, mmemtia pete za funguo. Nimeona mtu akimkalia."

Hakuna aliyecheka. Picha ya baa ilibaki iking'aa ukutani. Mwanamke wa viti aliziba mdomo kwa kofia yake. Yule kijana wa kofia kinyumenyume akaingiza vidole mfukoni mwa shati, akatoa kichupa, akakishika kwa ncha za vidole viwili, mkono ameunyoosha mbali na mwili wake, kama aliyeshika kaa la moto na haoni pa kuliweka.

"Hiki ni cha kituo gani?" akauliza. "Jamani, hiki ni cha kituo gani?"

Kisha kiti kikakwaruza sakafu, na Kaz akasimama.

"Hata Irena wangu yumo," akasema.

Verlene akageuka ghafla. "Kaz! Uliniambia ulimpeleka Pittsburgh kwa dada zake!"

"Nilikudanganya."

"Na padri wako je, si anakataza majivu kumwagwa?"

"Padri ndiye aliyenileta kwa gari lake."

Ikawa kama kizibo kimetoka. Mzee mmoja mbele akasema kaka yake yuko karibu na ukuta wa kushoto. Mwanamke aliyekuwa akigombania viti akasema mama yake, na akaanza kulia, hasira yote imemwisha. Kila mmoja alimtazama mwenzake kwa mshangao ule ule. Miaka yote walitembea pamoja kila Septemba, wakipepea mikono, kila mtu akidhani ni yeye peke yake aliye na siri ndani ya nguo.

"Mbwa wetu je?" sauti ikauliza kutoka kona. "Mbwa naye anahesabika?"

Preston Haldane akaketi ukingoni mwa meza. "Hakuna aliyetuambia," akasema. "Hata mtu mmoja."

"Tungekuambia ungekubali?" Kaz akamuuliza.

"Hapana."

"Basi tusilaumiane kwa hilo."

Preston akatoa simu, akaagiza duka lifungwe. Kisha, kwa kuwa Verlene alikuwa bado amesimama na foronya mkononi, na macho yake hayakumwacha, akasema udongo uliobaki uko nyuma, na anayetaka na amfuate.

Walishuka wote, hata waliokuwa hawana mtu. Lundo lilikuwa nyuma ya maegesho, limefunikwa kwa turubai la bluu, limebanwa kati ya ukuta na vyoo vya mafundi. Verlene alipoviona vyoo alisimama kidogo, akaendelea. Msimamizi wa makatapila akanyanyua turubai upande wa mwisho. "Kituo cha pili ni huku," akasema, akavua kofia yake ngumu bila kuambiwa.

Verlene akapiga magoti. Akafungua mdomo wa foronya, akachota kwa viganja, akaangalia. Kijivu kilikuwapo, kweli. Kilikuwa kila mahali. Akasikia magoti mengine yakishuka karibu yake, na mifupa ikilia.

"Na wewe Kaz, Irena si alikuwa mpenzi wa ule upande wa kushoto?" Verlene akauliza. "Udongo wake uko mwisho ule."

Kaz alikuwa ameinamisha kichwa. "Siku ile nilichoka kabla ya kufika popote. Nilimwacha kituo cha pili."

Verlene akabaki viganja vimejaa.

"Kituo cha pili."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mume wangu na mke wako..."

"Miaka minne sasa," akasema Kaz.

Wakatazamana. Kicheko kilianzia tumboni kwa Verlene kama kikohozi, kikampanda, kikamtoka, na Kaz naye akashikwa, wakashikana mabega wakicheka pale kwenye udongo mpaka machozi yakawatoka, na waliosimama nyuma hawakujua kama wawanyanyue au wawaache. "Wamegombana miaka minne bila mwamuzi!" Verlene akasema, akifuta macho kwa mkono wa nguo. "Na karanga hawana!"

Kicheko kikaisha polepole. Akautazama tena udongo viganjani. Alikuwa amekuja kumchukua Emmett, na Emmett alikuwa hapo, lakini hapakuwa na ungo duniani wa kumchekecha atoke kwa Irena, wala kwa mama ya yule mwanamke, wala kwa wageni ambao majina yao hatayajua. Akichukua foronya moja atachukua na wapendwa wa wengine. Na lundoni atakapowaacha waliobaki, atakuwa ameacha pia nusu ya Emmett.

"Siwezi kumchukua," akasema, na kulisema hilo kulimuuma kuliko shimo la asubuhi. "Bwana Haldane. Huko ndani mnaweka nini chini ya nyasi mpya?"

"Mabomba, kokoto, kisha mchanga. Udongo huu hauwezi kurudi juu, Bi Tolliver. Maji yangetuama."

"Sikusema juu. Chini ya kokoto je? Chini kabisa, kabla ya mabomba?"

Preston akamtazama msimamizi wa makatapila. Yule akaitikia kwa kichwa.

"Inawezekana," Preston akasema. "Lori litaurudisha kesho. Lakini huko chini hawataona chochote, mama."

"Mume wangu hakuwa akiona kitu miaka yake ya mwisho, sukari ilimla macho. Aliusikiliza mpira. Akisikia gongo la kupigia linavyolia alikuambia umetua wapi." Akaurudisha udongo kwenye lundo, kidogo kidogo, mpaka viganja vikabaki na rangi tu. "Na vile vilivyouzwa?"

"Nitatangaza virudishwe. Siwezi kuahidi vyote."

Verlene akawaza juu ya yule mtu wa benchi, sasa labda yuko barabarani, anaelekea kazini, funguo zinacheza. Alingoja maumivu yaje. Yalikuja madogo.

"Basi tumekubaliana," akasema Preston, na kwa mazoea ya mtu wa ofisi akanyoosha mkono.

Verlene akanyoosha wake, mwekundu mpaka kwenye mistari ya kiganja, na ule unga wa kijivu juu yake. Preston akauona. Akasita, rangi ikampanda na kumshuka usoni. Kisha akaushika, akaukaza, na alipoachia akabaki ameinua kiganja chake hewani mbele ya watu wote, hajui akipanguse wapi.